Mwendo Thabiti

Idara ya Miamba na Ardhi
9 Januari

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo yangu ikufikie kabla ya haja yangu, maana ulinifunza kwamba anayetanguliza haja amekuja kudai. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu mkaza mjomba ameniambia kuwa ile simu niliyokununulia imelala kabatini, imevishwa soksi.

Mwezi ujao Kamati ya Ardhi ya Bunge itaniita nieleze habari za mlima ulio nyuma ya nyumba yenu. Nitakachosema unakijua: mlima unateremka. Hauporomoki, unateremka, kama mzee anayejisogeza kwenye benchi akidhani hakuna anayemwona. Picha za setilaiti zinauona kila mwezi. Hausogei zaidi ya upana wa ukucha, wala hauongezi kasi wala haupunguzi. Milima ya namna hii huteremka hivyo hivyo mpaka siku udongo wake unaposhiba maji, na siku hiyo hauagi mtu.

Mbele ya Kamati pana muswada wa kuwahamishia wakazi wote wa chini ya mlima ng'ambo ya mto, kwenye uwanda, na serikali iwajengee. Ukipita katika mkutano huu, mtahama kabla ya mvua kubwa. Usipopita, Bunge litafunga na kurudi mvua zikiwa zimekwisha.

Sasa haja yangu. Taarifa yangu inatakiwa iwe ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili. Mambo haya nimeyasoma kwa lugha ya watu wengine, na nikiyaleta nyumbani yananigeuka mdomoni. Nimeandika kwamba "mlima unasogea vilevile kwa kiasi kilekile bila kubadilika." Mkurugenzi wangu ameisoma akasema inasikika kama maelezo ya fundi bomba. Nipe neno moja, Mjomba, neno zito linalofaa kusomwa mbele ya Waheshimiwa. Wewe ndiye uliyenifunza kusoma. Sina wa kumwendea mwingine.

Je, kile kipande cha kioo nilichokigundisha juu ya ufa wa ukuta wa msikiti bado ni kizima? Siku kitakapovunjika, ujue ukuta umetembea. Nami nakuomba tena, ingawa nalijua jibu: wewe na mkaza mjomba msingoje Bunge. Hameni.

Mpwa wako,
Mama Mawe

*

Nyumbani, chini ya mlima
15 Januari

Mpwa wangu Mama Mawe,

Marahaba, na Mwenyezi Mungu akulinde na shari ya njia na shari ya ndimi. Jina hili la utani ulipewa hapa uani kwa sababu ya kujaza kokoto mifukoni, ukatoboa kila gauni ulilovishwa. Nafurahi kwamba hukulitupa ulipopewa jina la Daktari.

Kioo ni kizima. Kila nikitoka swala ya alfajiri hukifuta kwa pindo la kanzu.

Ama kuhusu neno, sikutaka kukujibu kwa haraka, kwa kuwa neno ni amana. Kwanza niliwauliza wenye mlima wao. Jirani yetu Mama Cherehani alikuwa mlangoni kwake anashona, mkaza mjomba wako yuko kando anachambua mchele. Nikauliza, "Mlima ukiwa unasogea, hauongezi wala haupunguzi, ninyi husemaje?"

Mama Cherehani hakuinua mguu kwenye pedali. "Tunasema unakuja."

"Unakuja namna gani?"

"Mwalimu, kinachokuja kinakuja tu! Mgeni akikwambia nakuja, unamuuliza unakuja namna gani, au unatia maji jikoni?"

Mkaza mjomba wako alicheka hata mchele ukamwagika, akasema, "Huyu mume wangu angemuuliza mgeni kwanza nasaba ya kitenzi." Niliwaacha waendelee kunicheka. Niliwaambia tu kwamba hayo ni maneno ya barazani, nayo Bunge halipelekewi "unakuja."

Basi andika hivi: *Mlima unateremka kwa mwendo thabiti.* Neno hili ni la kale na lina heshima. Mapigo ya moyo wenye afya ni thabiti. Hatua za mlinzi azungukaye ukuta ni thabiti, kila moja sawa na iliyoitangulia. Ndilo neno tunaloliomba katika dua, tukitaka mioyo isiyoyumba. Sidhani kuna Mheshimiwa atakayelisikia asikae sawasawa kwenye kiti chake.

Kuhusu kuhama, jibu langu ni lile ulijualo. Familia kadhaa zimekwisha vuka zenyewe tangu ulipokuja na vyombo vyako, na wiki ijayo Mama Cherehani atahamia kwa binti yake. Mimi nitavuka wa mwisho. Imamu akitoka mbele ya maamuma, hiyo si swala tena, ni mbio.

Mjomba wako akuombeaye,
Mwalimu

*

Mjini
4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Imekwisha.

Chumba cha Kamati ni kirefu, kina zulia jekundu na viyoyozi vinavyopuliza hata karatasi zikataka kuruka. Waheshimiwa walikuwa na adabu. Nilionesha picha za setilaiti, na mmoja akauliza kama nyumba yake inaonekana. Kisha mwingine, aliyepandisha miwani juu ya paji, akaniuliza:

"Daktari, utaanguka lini?"

"Mheshimiwa, siku siwezi kuitaja. Naweza kusema kwamba mvua kubwa ikiwakuta watu wako chini, hatari ni kubwa mno."

"Kwa hiyo hujui."

"Najua unateremka. Siku ndiyo nisiyoijua."

"Hata mwenye bucha anajua siku ya kuchinja!"

Wakacheka. Nikawaambia kwamba mlima unakuja upande wa watu kila mwezi, polepole. Mwingine akadakia, "Mama mkwe wangu naye anakuja kila mwezi, wala hatujaomba fedha za maafa." Wakacheka zaidi, na Mungu anisamehe, nami nilicheka. Mtu akiwa amesimama peke yake mbele ya watu wanaocheka, mdomo humwasi.

Mwenyekiti ndiye aliyetuliza mambo. Ni mtu wa makamo, mpole, sauti yake kama ya daktari wa watoto. Akasema, "Mtaalamu, tumekuelewa. Karatasi yako tutaisoma wenyewe." Kanuni zinataka shahidi atoke kabla hawajajadiliana. Nikakaa kwenye benchi la ukumbini, ukuta umetoka kupakwa rangi, nikaharibu mkono wa koti. Kutoka ndani nilisikia meza zikigongwa. Huko, Mjomba, kugonga meza ni kukubali.

Mwenyekiti alipotoka alinipa mkono. "Umeandika Kiswahili safi, binti yangu. Lile neno limetutuliza mioyo."

Sikufahamu kwa nini mioyo yao itulie. Lakini mkono wake ulikuwa na wema, nami nilikuwa nimechoka, nikasema asante. Nadhani muswada umepita. Wafungasheni kuku.

Mpwa wako,
Mama Mawe

*

Nyumbani
11 Februari

Mpwa wangu,

Naandika nikiwa na jambo nisilolielewa, na mzee asiyeelewa hupaswa kuuliza kabla ya kukasirika.

Jana baada ya alasiri nilikuwa dukani, redio imefunguliwa. Nikasikia Kamati ya Ardhi ikitajwa, na taarifa ya mtaalamu, kisha nikalisikia neno letu: thabiti. Nakiri kwamba niliinua mikono kushukuru hata kabla mtangazaji hajafika mwisho wa sentensi. Muuza duka ndiye aliyenishika bega. "Mwalimu, umesikia? Mlima ni thabiti! Muswada wameuondoa. Hatuhamishwi."

Nilimwambia amesikia vibaya. Akanitazama kwa huruma ile wanayotazamwa wazee wenye masikio mazito.

Leo asubuhi wamerudi wale waliokuwa wamevuka. Mmoja baada ya mwingine, magodoro vichwani, kuku makapuni, watoto wanakimbia mbele kuona nani atagusa mlango wa kwao kwanza. Mama Cherehani amekuja na cherehani yake juu ya mkokoteni, ameikalia kama malkia, akipiga kelele kutoka mbali:

"Mwalimu! Mpwa wako ametutoa uhamishoni! Kwa mkwe wangu nilikuwa nalala na mkoromo kama wa greda!"

"Shuka kwanza tuzungumze," nikamwambia.

"Tuzungumze nini? Si ameandika mwenyewe? Mlima thabiti! Nilijua yule mtoto hakutoboa magauni yangu bure."

Mkaza mjomba wako hakucheka. Alinitazama, akaingia ndani.

Niambie, mwanangu. Ulisema nini huko? Neno langu ulilitia wapi?

Mjomba wako,
Mwalimu

*

Mjini
16 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaenda moja kwa moja kwa karani wa Kamati.

Ni kijana nadhifu, meza yake haina hata kikombe. Nilimwonesha karatasi yangu: *Mlima unateremka kwa mwendo thabiti.* Nikamwonesha muhtasari wake: *Mlima ni thabiti.* Hakukana.

"Nilifupisha, Daktari. Waheshimiwa husomewa mstari mmoja kwa kila shahidi."

"Mwendo umeutupa wapi?"

"Nilidhani ni mapambo ya lugha. Mwendo thabiti, mlima thabiti, si jambo moja?"

"Mtu akikimbia kwa mwendo thabiti, amesimama?"

Akalitazama neno lile kama mtu anayetazama sahani aliyoivunja nyumbani kwa watu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mimi siwezi kulifuta. Kumbukumbu za Bunge haziguswi na karani. Kamati yenyewe ndiyo irekebishayo, tena ikiwa imeketi."

"Itaketi lini?"

"Mkutano ujao."

"Baada ya mvua."

"Ratiba ya mvua sikuipanga mimi, Daktari." Hakusema kwa kejeli. Alikuwa karibu kulia. Ameniandikia ombi la marekebisho kwa mkono wake na kulipokea papo hapo, akaligonga muhuri, akaliweka kwenye jalada. Nilipotoka alikuwa bado amelishika jalada.

Nikaenda kwa Mkurugenzi, nimwombe niseme redioni. Akafunga mlango. "Mtumishi wa umma akilipinga Bunge redioni, kesho si mtumishi. Nani atasoma hizo picha zako basi?" Wala hakusema uongo. Bila idara, hata picha za setilaiti sizipati. Nimempigia Mwenyekiti mara nyingi; msaidizi wake husema yuko jimboni.

Wewe usijilaumu, Mjomba. Kosa ni la karani. Angelikosea tu, hata ningeandika neno lingine lolote. Waambie watu wewe, wewe watakusikia. Na uvuke, nakuomba kwa haki ya marehemu mama yangu, dada yako.

Mpwa wako,
Mama Mawe

*

Nyumbani
27 Februari

Mpwa wangu,

Umesema karani angelikosea neno lolote. Tangu utotoni hujui kusema uongo. Siku ulipolivunja birika la mama yako ulisema hukugusa birika lolote, nalo tulikuwa nalo moja tu. Nakushukuru kwa kutaka kunistiri. Lakini "unakuja" hakuna karani ambaye angeweza kulifupisha. Nimelifikiri hilo nikilala na nikiamka. Nilipewa neno lililo wazi, kutoka kwa mwanamke anayeshona sare, nikalirudisha kwa kuwa halikuvaa kilemba.

Sasa sikiliza yaliyonipata Ijumaa. Baada ya swala nilisimama nikawaambia: thabiti iliyoandikwa ni ya mwendo, siyo ya mlima; mlima unateremka, na mpwa wangu ameniandikia hivyo kwa mkono wake. Nilieleza taratibu, kama ninavyoeleza sarufi. Mzee muuza mkaa akanyoosha mkono.

"Mwalimu, miaka yote hii ukituombea tuwe thabiti, ulikuwa ukituombea tuteremke?"

Msikiti mzima ulicheka, na nisingekuwa imamu ningecheka nao. Mwingine akasema, "Si wewe uliyetufundisha kwamba milima imekitwa kama vigingi?" Na wa tatu, mtu mzima mwenye heshima zake, akasema bila mzaha: "Redio imesema. Bunge limesema. Mpwa wako ameandika. Wewe ni wa nne, Mwalimu, nawe unapingana na watatu." Hoja yake ilipangwa vizuri. Nilimfundisha mantiki mimi mwenyewe.

Nikawatoa nje nikawaonesha kioo. Kimevunjika, mwanangu, kimekatika katikati kama ukucha. Wakakitazama. Mmoja akasema kwamba kioo ni kitu cha kuvunjika.

Nimeishi miaka yangu yote kwa kunena, na siku nilipohitaji kusadikiwa mara moja tu, nikakuta maneno yangu yote yamekwisha tumika upande wa pili.

Nimeamua hivi. Mkaza mjomba wako amekwisha vuka, yuko kwa kaka yake. Kuanzia kesho nitaadhini ng'ambo ya mto, chini ya paa la ghala la matofali, na huku nitafunga mlango. Nilikuambia imamu hatoki mbele ya maamuma. Sasa natoka, nikitumaini kwamba wataufuata mgongo wangu pale waliposhindwa kuufuata ulimi. Wazee wachache wamesema watakuja. Mama Cherehani amepata kazi ya sare za shule nzima. Nilimsihi nikiwa nimesimama mlangoni kwake hata jua likanichoma kisogo.

"Nikimaliza sare nakuja, Mwalimu," akasema. "Nenda zako, usinihesabie mishono."

Mjomba wako,
Mwalimu

*

Mjini
6 Machi

Mjomba,

Picha mpya imefika leo. Mwendo si thabiti tena. Umeongezeka, na unaongezeka.

Nimempata Mwenyekiti kwenye simu hatimaye. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole wake uleule: "Binti yangu, mwezi jana uliandika thabiti, leo unasema si thabiti. Ninyi wanasayansi nikushikeni kwa neno lipi?" Nikaanza kueleza, akasema yuko mazishini jimboni, atanipigia. Mkuu wa wilaya anasema hawezi kuhamisha watu kinyume cha kumbukumbu za Bunge bila maandishi kutoka juu. Mkurugenzi amepeleka maandishi hayo juu. Huko juu hakuna aliyepo.

Mawingu yamefunga upande wenu. Nayaona hata kwenye picha. Nampa dereva wa basi la asubuhi barua hii, nami napanda basi linalofuata. Mtoe Mama Cherehani. Mbebe na cherehani yake.

Mama Mawe

*

Bunge
Ofisi ya Karani wa Kamati ya Ardhi
2 Aprili

Daktari,

YAH: OMBI LA MAREKEBISHO YA NENO "THABITI"

Tafadhali rejea ombi lako la tarehe 16 Februari.

Kamati, katika kikao chake cha dharura, ilisimama kimya kuwakumbuka wananchi waliopoteza maisha, na imeniagiza nikufikishie salamu zake za rambirambi.

Kuhusu ombi lako, Kamati imelipitia pamoja na taarifa yako ya tarehe 25 Machi. Kwa kuwa taarifa hiyo inathibitisha kwamba baada ya maporomoko mlima hausogei tena, Kamati imeona kuwa maneno "mlima ni thabiti" yanaafikiana na hali iliyopo, na kwamba hakuna haja ya marekebisho.

Jalada limefungwa.

Wako mtiifu,
Karani wa Kamati

*(Chini yake, kwa kalamu:)* Daktari, niliwaomba wasiandike hivi. Nisamehe. Nimeomba kuhamishwa ofisi.

*

Mjini
5 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nakuwekea ndani barua ya Bunge. Niliwaza kuichana, kisha nikaona si haki uwe wa mwisho kujua lililolipata neno lako. Msimamo wao hauna kosa. Mlima umesimama kweli. Vyombo vyangu vyote vinasoma sufuri.

Sina la kukusimulia kuhusu siku zile, kwa kuwa tulikuwa pamoja. Bado nikifumba macho naona basi likisimamishwa darajani, na watu wakielekeza mkono mahali palipokuwa na mtaa. Na wewe umesimama mbele ya ghala la matofali na wale wazee wachache, kanzu imelowa, unaita majina ya watu ng'ambo, mmoja baada ya mwingine, kama unayeita mahudhurio chuoni.

Kuna mlima mwingine, Mjomba, upande wa kaskazini, nyuma ya mji wenye shule mbili na soko. Setilaiti imeuona. Unateremka kama ule wetu ulivyokuwa ukiteremka, vilevile kwa kiasi kilekile. Kamati ileile itaniita mwezi ujao. Ukurasa ni mmoja.

Nimekaa mbele ya karatasi tangu asubuhi. Wenzangu wananiambia niandike tarakimu tu, lakini tarakimu huzifahamu mimi na wao. Sithubutu kukuomba, na sina mwingine wa kumwomba. Nipe neno.

Mpwa wako,
Mama Mawe

*

Ng'ambo ya mto
12 Aprili

Mpwa wangu, mwanangu,

Marahaba. Barua ya Bunge nimeisoma, nikaisoma tena, kisha nikaikunja. Sikukasirika. Nilikuwa nimeketi juu ya tofali, na mkaza mjomba wako aliponiuliza wameandika nini, nilimwambia wameandika kweli. Akasema, "Kweli iliyochelewa inamfaa nani?"

Nikuambie habari za huku. Tunaswali ghalani. Wa kuswali si wengi, lakini sasa hakuna anayebishana nami, na hilo ndilo linaloniumiza. Nikisema wanaitikia. Ningefurahi mno kumsikia muuza mkaa akiniuliza swali lake tena, hata kila Ijumaa, hata msikiti mzima unicheke.

Nikifika kwenye dua ile ya kuiombea mioyo, ulimi hukataa. Nimelitumia neno lile tangu nilipoota ndevu, na sasa nikilikaribia nanyamaza kidogo, kisha naendelea na linalofuata. Maamuma wanajua. Wanalisema wao kimoyomoyo, nami nawasikia. Mungu anajua kilichokusudiwa.

Wachimbaji waliifikia nyumba ya Mama Cherehani juzi. Tumemzika vizuri, binti yake alikuwepo, na mkwe naye, aliyelia kuliko wote. Cherehani imetoka imepinda shingo, lakini chini ya mguu wake wa chuma kilikuwa bado kimebanwa kipande cha shati la shule, mkono mmoja umeshonwa, wa pili bado. Binti ameniachia kipande hicho kwa kuwa mimi ndimi niliyekuwa wa mwisho kuzungumza naye. Aliniambia anakuja. Sikumuuliza anakuja namna gani.

Umeniomba neno, ukasema huthubutu. Na mimi sithubutu kutoa la kwangu. Nimefungua vitabu vyangu, vile vilivyovuka nami, na kila neno ninaloliona humo ni zuri na lina milango miwili. Basi nakupa neno ambalo nilipewa bure mlangoni pa mtu nami nikaliona dogo. Liandike peke yake, katikati ya ukurasa, usiliwekee kitu mbele wala nyuma ambacho karani anaweza kukikata:

*Unakuja.*

Waheshimiwa watacheka. Yule wa mama mkwe atasema jambo lake. Mwenyekiti atakuuliza kwa sauti yake nzuri, unakuja namna gani, Daktari. Usimweleze. Muulize kama wametia maji jikoni.

Mjomba wako akuombeaye,
Mwalimu